Lile Fungu la Pili

Mwaka nilipokuwa msimamizi msaidizi wa kituo cha kupigia kura hapa Moshi, kura tulizihesabia darasani, juu ya madawati ya watoto wa darasa la tatu. Saa kumi jioni foleni ilifungwa, waliokuwa wamesimama wakamalizia, tukabaki sisi wasimamizi, mawakala wa vyama na askari mmoja mlangoni. Tulipofikia kura za udiwani giza lilikuwa limeshaingia. Msimamizi wa kituo aliinua karatasi moja moja, akaionyesha mawakala upande huu na upande ule, akataja jina, nami nikaiweka kwenye fungu lake. Mafungu mawili yakawa yanapanda pamoja. Ilifika mahali ukiyatazama kwa ubavuni huoni lipi refu.

Mwishowe wakapishana kwa kura ambazo hazikufika ishirini. Fungu la kwanza nikalifunga kwa rababendi, la pili nalo vivyo hivyo, yakaingia kwenye bahasha, bahasha zikapigwa lakiri. Wakala wa aliyeshindwa, kijana niliyemfundisha kidato cha pili, alisaini fomu bila ubishi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sasa hizi zetu zinakwenda wapi?"

Nikamweleza utaratibu: zinapelekwa ngazi ya kata, zinatunzwa kwa muda uliowekwa kisheria. Akatikisa kichwa.

"Siulizi karatasi, mwalimu."

Swali hilo nimelibeba miaka sasa. Nafundisha hisabati, kwa hiyo kwanza nililipeleka ubaoni. Manispaa ya Moshi ina kata 21, kuanzia Kiboriloni na Msaranga upande mmoja hadi Pasua, Njoro na Shirimatunda upande mwingine. Kila kata inatoa diwani mmoja, mwenye kura nyingi. Sasa tuseme kila kata wamepiga kura watu 3,000, na kila mahali chama kimoja kimepata 1,600 na kingine 1,400. Chama cha kwanza kinaondoka na kata zote 21. Cha pili kina kura 29,400 kati ya 63,000, karibu nusu ya mji, na hakina hata kiti kimoja. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea kuhesabu. Ni kanuni imefanya kazi yake, mara 21, kata kwa kata.

Mfano wangu ni wa ubaoni, lakini mji huu tumeuona ukienda na kurudi. Baada ya 2010 na 2015 halmashauri yetu ilikuwa mikononi mwa Chadema. Baada ya 2020 ikawa ya CCM. Malalamiko ya chaguzi hizo yana mjadala wake mzito na siugusi hapa. Ninachosema ni kwamba mgeni akiyaweka mabaraza hayo mawili kando kwa kando atadhani wakazi wa Moshi walihamishwa wakaletwa wengine. Hatukuhamishwa. Ni majirani walewale, wanachota maji bomba lilelile, wanazikana. Miaka mitano hawa wanakuwa kama hawapo mjini, mitano inayofuata wanakuwa kama hawapo wale.

Na baraza si jambo dogo. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti ya manispaa, ushuru wa soko, sheria ndogo za mji. Ndio wanaomchagua meya. Wenzetu wa Arusha wanakumbuka uzito wa hilo kuliko sisi. Mwisho wa 2010 vyama viwili vilikuwa vimekaribiana sana katika baraza lao, ukazuka mgogoro juu ya uchaguzi wa meya na nani hasa alikuwa na haki ya kupiga kura ukumbini. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano yakageuka mapambano na polisi, na watu wakapoteza maisha. Kiti kimoja au viwili ndani ya ukumbi ndivyo vilivyofanya mji mzima ushike moto. Mahali ambapo mshindi anachukua vyote, kila kiti kinakuwa cha kufa na kupona.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. New York mwaka 1935 chama cha Democratic kilipata takriban theluthi mbili ya kura za baraza la jiji, kikachukua viti 62 kati ya 65. Mwaka uliofuata wakazi wakapiga kura kubadili utaratibu, na kuanzia 1937 wakachagua baraza kwa uwiano, yaani kila kundi linapata viti kulingana na kura zake, diwani mmoja kwa kila kura 75,000. Kwa utaratibu huo ndipo 1941 Adam Clayton Powell Jr., mchungaji wa Harlem, akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza lile. Wakomunisti nao wakaingia, watu wakaogopa, na 1947 utaratibu ukafutwa kwa kura za wananchi haohao. Naitaja sehemu hiyo ya mwisho kwa makusudi. Uwiano unawaingiza hata wale usiowapenda, na anayeutaka lazima alikubali hilo mapema.

Kwangu jambo lilianza kuwa hai Juni 2024, kwa simu. Binamu yangu, binti wa mjomba, anasomea uuguzi Ujerumani, katika mji wa Tübingen. Wengi hapa mjini wamelisikia jina hilo, maana Moshi na Tübingen ni miji rafiki tangu 2014. Ni mji wa chuo kikuu kando ya Mto Neckar, wakazi wake wanazidi 90,000. Binamu amepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Jioni hiyo alinipigia kwa video akanong'ona, "Dada, ngoja nikuonyeshe kitu," akaigeuza simu kuelekea meza ya jikoni.

Mezani kulikuwa na karatasi ndefu zimetandazwa hadi ukingoni, kikombe cha chai kimewekwa juu ya mojawapo isipeperuke. Bibi alikuwa amevaa miwani, penseli mkononi, kikokotoo pembeni. Nikadhani anafanya hesabu za kodi. Kumbe anapiga kura ya udiwani. Huko karatasi za kura za halmashauri hutumwa nyumbani kabla ya siku yenyewe, mtu azijaze kwa utulivu, kisha siku ya uchaguzi aende nazo kituoni, azitie kwenye bahasha na kuzitumbukiza. Yule bibi alikuwa jioni ya tatu mezani.

Baraza la Tübingen lina viti 40, na kila mpiga kura ana kura 40. Sikukosea kuandika. Mtu mmoja, kura 40. Kila chama au kikundi cha wananchi kinaleta orodha yake, na kila orodha ina karatasi yake. Ukitaka, unachukua karatasi ya chama chako, hupigi alama yoyote, unaitumbukiza, na kila jina linapata kura moja. Usipotaka hivyo, una uhuru wa aina mbili. Unaweza kumrundikia mtu mmoja hadi kura tatu. Na unaweza kuchanganya: watano wa chama hiki, kumi wa kile, mwalimu wa chekechea kutoka orodha ya tatu. Kinachokatazwa ni kupitisha 40, ndiyo sababu ya kikokotoo.

Hesabu yake inakwenda kwa hatua mbili, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo kwa sababu ndipo utamu ulipo. Kwanza zinajumlishwa kura zote zilizoangukia kila orodha, na viti 40 vinagawiwa orodha kwa uwiano: jumla ya kila orodha inagawanywa kwa 1, kwa 3, kwa 5, kwa 7 na kuendelea, kisha majibu 40 makubwa kuliko yote ndiyo yanayopata viti. Orodha yenye robo ya kura inaondoka na takriban viti 10. Hakuna kiwango cha chini cha asilimia kilichowekwa kuzuia vikundi vidogo. Baada ya hapo, ndani ya kila orodha, viti wanapewa wale waliopata kura nyingi wao wenyewe, haijalishi chama kiliwapanga wa ngapi.

Hapo ndipo nilipomkatiza binamu. "Yaani aliyewekwa wa 38 anaweza kupanda?"

Akamuuliza bibi kwa Kijerumani. Bibi akainua macho, akacheka, akaonyesha jina moja sehemu ya chini ya karatasi ambalo alikuwa ameliandikia 3, na amelizungushia duara. Binamu akatafsiri: huyo ndiye muuza mikate wa mtaani kwao, chama kimemweka huko chini kujaza orodha tu, lakini mtaa mzima umeshakubaliana kumpandisha.

Binamu mwenyewe hakupiga kura. Wanaoruhusiwa ni Wajerumani na raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya wanaoishi pale. Mjukuu wa bibi, mwenye miaka 16, alipiga, maana katika jimbo lao umri wa kuchagua madiwani ni huo. Nilimwonea wivu yule mtoto. Wivu mwema, lakini wivu.

Usiku ule sikulala mapema. Niliwaza kwamba sisi nasi uwiano tunao, tena ndani ya halmashauri hiihii, ila umetufika bila mkono wetu. Nazungumzia viti maalum. Sheria inataka wanawake wa viti maalum katika halmashauri wasipungue theluthi moja, na viti hivyo vinagawiwa vyama kwa uwiano wa walichovuna katika uchaguzi. Bungeni ni hivyohivyo: chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge kinapewa viti maalum kulingana na kura zake. Kwa hiyo anayesema Watanzania hatuwezi kuuelewa uwiano anasahau kwamba tumeishi nao miaka mingi.

Tofauti iko kwenye majina. Orodha ya viti maalum inapangwa ndani ya chama, mara nyingi kupitia jumuiya yake ya wanawake. Mimi mpiga kura wa Pasua sijawahi kuweka alama mbele ya jina la mama yeyote wa viti maalum. Nina jirani aliyewahi kukaa katika kiti hicho, mama mchapakazi, alikuwa akifuatilia habari za wodi ya wazazi kama mwanawe ndiye amelazwa. Akisimama kwenye mkutano wa mtaa alikuwa anaulizwa swali lilelile: "Wewe ni diwani wa wapi?" Mtu aliyeuliza hakuwa na ubaya. Hakumwona kwenye karatasi, basi. Nilimtazama yule mama akitafuta jibu, na jibu lilikuwa refu mno kwa mkutano wa jua kali. Laiti jina lake lingekuwa kwenye karatasi tukamrundikia kura tatu tatu, asingehitaji kumjibu mtu.

Ndiyo maana utaratibu wa Tübingen umenishika kuliko mingine ya aina yake. Kila nikizungumzia uwiano na walimu wenzangu, hofu ya kwanza ni hiyo: mtavipa vyama madaraka yote, watu watapanga foleni kwa katibu wa chama badala ya kwa wananchi. Ni hofu ya haki. Lakini inahusu orodha iliyofungwa, ile ambayo chama ndicho kinapanga nani aingie. Orodha iliyo wazi inampa nguvu yule bibi mwenye penseli.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipita haraka. Diwani wa kata anajulikana. Mtaro ukiziba unajua nani wa kugongea mlango. Mvua za masika zinapokuja na maji yanashuka kutoka juu yakiwa yamebeba kila kitu, mtu hataki diwani wa mji mzima, anataka wa kwake, anayepita njia ileile yenye tope. Nami nalitaka hilo. Siko tayari kubadilishana diwani wa mtaa kwa hesabu nzuri.

Afrika Kusini wamejaribu kushika vyote viwili. Tangu 2000 halmashauri zao zinachanganya. Johannesburg, kwa mfano, ina viti 270: 135 vya kata, 135 vya orodha. Mpiga kura anapewa karatasi moja ya diwani wa kata yake na nyingine ya chama. Kura hizo zinajumlishwa, inakokotolewa kila chama kinastahili viti vingapi kwa jumla, zinatolewa kata ambazo tayari kimeshinda, kinachobaki ndicho kinajazwa kutoka kwenye orodha. Fungu la pili la kila kata linasafiri, halifi. Chama cha ANC kilipungua hadi viti 121 mwaka 2016, chini ya nusu, kisha 91 mwaka 2021, na nani anaongoza jiji ikawa ni jambo la kuzungumzana mezani.

Mazungumzo hayo hayakuwa mazuri siku zote, na asiyelisema hilo anawadanganya watu. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2021 kiti cha meya wa Johannesburg kilibadilishwa mara kwa mara, muungano unaundwa leo, unavunjwa kesho, chama kidogo chenye viti vichache kinatoa umeya. Wakazi waliteseka na hilo. Lakini nikiulizwa kati ya baraza linalogombana kwa sababu mji wote umo ndani yake na baraza lililotulia kwa sababu karibu nusu ya mji iko nje, nachagua la kwanza. Ugomvi wa ukumbini una kumbukumbu za kikao. Ugomvi wa nje hauna.

Sheria za nchi siziwezi. Mimi ni mwalimu, na pia ni mjumbe wa kikoba cha akina mama, wengi wao wafanyabiashara wa soko la Mbuyuni. Tuko 32. Ishirini na wawili wana vizimba ndani ya soko au wana ajira kama mimi. Kumi wanapanga bidhaa chini, nje, juu ya viroba. Kila mwaka tunachagua kamati ya watu watano, kwa kunyoosha mikono, nafasi moja moja. Hesabu mwenyewe: mikono 22 dhidi ya 10, mara tano. Miaka sita sijawahi kuona mama wa viroba kwenye kamati, na hakuna aliyewahi kumkataa yeyote kwa ubaya. Ni kata 21 zetu zilezile, katika chumba kimoja.

Mwaka huu niliomba tujaribu namna nyingine. Mwenyekiti alihofia. "Mwalimu, usije ukatugawa, hapa sisi sote ni mtu na dada yake." Ilibidi mama mmoja mtu mzima wa nje, anayeuza ndizi, aseme neno: "Mwenyekiti, sisi hatutaki kugawanyika. Tunataka na sisi tukashike ufunguo." Sanduku letu lina kufuli tatu, na wenye funguo wanatoka kwenye kamati. Chumba kikanyamaza kidogo, kisha wakakubali.

Tukaweka makopo saba ya maziwa ya unga nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba, kila moja limeandikwa jina la mgombea kwa makapeni. Kila mama akapewa punje tano za maharage. Azigawe apendavyo, ila asitie zaidi ya tatu kwenye kopo moja. Si uwiano kamili kama wa Tübingen, maana hatuna orodha, lakini ule urundikaji tuliuchukua kama ulivyo. Wakawa wanaingia mmoja mmoja. Nje ulikuwa unasikia punje zikigonga bati: ko, ko, ko, kimya, ko, ko. Wengine walikaa muda mrefu mle ndani. Mama mmoja alitoka akasema hajawahi kufikiria hivyo kuhusu nani anamtaka.

Tulihesabia kwenye ungo, kopo baada ya kopo, wote tumeinama. Punje 160, hazikupungua. Mama wa ndizi alipata 31, akaongoza. Wanne waliomfuata walikuwa wa vizimba, wa mwisho wao akiwa na 22. Mwenzake wa nje alipata 19, hakuingia. Mmoja wa kamati ya zamani alipata 18, naye akabaki. Kumi kati ya 32 wakawa na mmoja kati ya watano. Kwa uwiano halisi walistahili moja na nusu, nikawaambia hivyo, na mama wa ndizi akasema moja inatosha kuanzia.

Kikao cha kwanza cha kamati mpya, alikuja amefunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Ilipofika ajenda ya mengineyo akaomba jambo moja. Vikao vyetu vilikuwa saa kumi na moja jioni, tangu kikoba kianze. Akaeleza kwamba saa hiyo ndiyo watu wanatoka makazini, ndiyo wa nje wanauza kuliko saa yoyote, na mwenye kiroba akiondoka hana mlango wa kufunga. Anafunga virago vyote au anamwachia mtoto. Ndiyo maana wamekuwa wakichelewa, na faini za kuchelewa wamekuwa wakizilipa wao. Katibu akafungua daftari la faini, akalipitia ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole, tukimtazama. Majina yalikuwa yaleyale.

Sasa tunakutana saa nane mchana.